Mkanda Uliobaki Garini

9 Januari

Kaka yangu,

Shikamoo. Msalimie mama kabla hujafika mstari wa pili, maana najua amekaa hapo karibu yako ametega sikio. Wifi naye umsalimie, na watoto, na yeyote aliyeingia kuomba moto akakuta barua inasomwa.

Mimi mzima, ila miguu haitulii. Nimehama tena. Kile chumba cha juu ya kiwanda cha kuchapa kilinishinda. Mashine zilikuwa zinatikisa kitanda tangu asubuhi. Sasa nina vyumba viwili, dirisha kubwa, na jirani anayefuga kasuku aliyefundishwa matusi na mtu mwenye kipaji. Anwani mpya iko nyuma ya bahasha.

Sasa sikia. Nimepewa filamu! Siyo tena ile tamthilia ya Alhamisi ya mama wakwe na wosia uliofichwa, ambayo nimeiongoza miaka sita mpaka nikiota nasema "kata". Filamu nzima, ya kuonyeshwa kwenye kumbi, watu wakizimiwa taa. Mtayarishaji wetu, yule anayetafuta vibali, watu na magari yote, aliniita ofisini jana, akafunga mlango, akasema, "Hii ni yako." Unakumbuka nilivyoanza? Msichana wa kibao. Nakigonga mbele ya kamera, pa! halafu nakimbia pembeni kama kuku aliyeona kisu. Miaka kumi na mitano, kaka.

Hadithi yenyewe ni ya seremala. Usicheke. Seremala anayekatwa vidole na msumeno wa mashine. Mwandishi hajawahi kushika hata randa na ameandika mambo ya ajabu. Kwa hiyo niandikie siku yako ile ilivyokuwa: ulisimama wapi, ulisikia nini, nani alikuwa karibu. Usinifiche kitu, ni kazi tu.

Mengine ya kawaida. Mpiga picha wangu ameoa. Twiga, yule fundi wa taa mrefu niliyekuja naye nyumbani mwaka juzi, ameumia kidogo, yuko mapumzikoni.

Gari linanipigia honi. Nakimbia.

Mdogo wako,
Kiherehere

27 Januari

Mdogo wangu Kiherehere,

Marahaba mbili, moja yangu na moja ya mama. Barua yako imesomwa mara tatu: ya kwanza kwa mama, ya pili kwa wifi yako, ambaye hakuwepo wakati wa ya kwanza, ya tatu kwa mama tena, kwa sababu anasema mimi nasoma kama mtu anayehesabu mbao. Tumefurahi sana. Mama anamsimamisha kila mpita njia na kumwambia mwanawe amepewa "sinema nzima, siyo vipande".

Sisi hatujambo. Magoti ya mama yanamsumbua asubuhi, mchana yanasahau. Binti yangu mkubwa ameanza masomo ya ukunga na sasa anatupima sote mapigo ya moyo kabla ya chakula. Paa la jiko lilivuja, nikaliziba, likaamua kuvuja upande wa pili.

Kuhusu vidole vyangu hakuna cha kuandika. Ulikuwa uzembe wangu, nilishasema tangu siku ile. Maseremala ni wengi, muulize mwingine.

Mama anauliza: Twiga ameumiaje? Hajamsahau yule mtu. Anasema ndiye mgeni pekee aliyewahi kututengenezea taa ya sebuleni bila kupanda kiti. Anataka kujua yuko hospitali au kwake, na kama kuna kitanda kinachomtosha. Usisahau kumjibu, maana ananiuliza mimi kila siku kana kwamba nimemficha.

Kaka yako

2 Machi

Kaka yangu,

Shikamoo, na samahani kwa kuchelewa. Barua hii nimeianza mara nne. Ya kwanza niliisahau kwenye teksi, ya pili nikaimwagia chai, mbili nyingine sijui zilikokwenda. Mpe mama pole ya magoti. Mpongeze mkunga wetu.

Nimehama tena. Kasuku. Sasa niko karibu na kituo cha treni na sijafungua maboksi, kwa nini nijisumbue.

Kazi inakimbia na mimi nakimbia nyuma yake. Nimezunguka karakana tatu kuangalia misumeno. Nimegombana na mwandishi, tukapatana, tukagombana kwa lile lile. Nimemwondoa msaidizi wangu, kisha nikamfuata mpaka kwao kumrudisha. Kile kiti changu cha mwongozaji nimekitoa kabisa, maana sikikalii. Nasimama tangu asubuhi hadi watu wananiomba nikae ili na wao wakae. Mwigizaji mkuu, mtu makini sana, aliniuliza juzi, "Huyu seremala anamwogopa nani?" Nikamwambia tutazungumza kesho. Kesho yake nikamkwepa.

Tumepata fundi taa mpya. Hodari. Akipanda ngazi mimi nageuka nakagua mambo mengine mpaka ashuke.

Mbona hukuniandikia ya vidole? Nakuomba mara ya pili. Maseremala wengine hawanifai, nakutaka wewe.

Nina mkutano. Baadaye.

Kiherehere

15 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Hatujambo.

Mama alisikiliza barua yako yote, mikono juu ya mapaja. Nilipomaliza akasema, "Na Twiga?" Nikageuza karatasi nyuma. Nyuma hapakuwa na kitu. Nikamwambia labda umesahau, kazi nyingi. Akasema, "Huyu hajasahau. Huyu amemruka."

Mimi sijui mambo ya kamera, lakini wewe nakujua. Ulipokuwa mdogo, ukivunja kikombe ulikuwa unafagia nyumba nzima. Ulikuwa unafagia mpaka kwa jirani. Mama akirudi akikuta uwanja unang'aa alikuwa haulizi "nani amefagia", alikuwa anauliza "kimevunjika nini". Sasa naona mtu amehama mara tatu ndani ya mwaka mmoja na hakai kwenye kiti chake. Kimevunjika nini?

Kwenye simu nimejaribu mara mbili na mara zote mbili ulikuwa "unaingia kwenye lifti". Kwa hiyo andika. Kama ni jambo ambalo mama asilisikie, andika karatasi mbili. Ya kwanza nitamsomea. Ya pili nitakwenda nayo karakana.

Ya vidole nimeshajibu. Usinirudishe huko.

Kaka yako

20 Mei

Karatasi ya kwanza, ya wote

Shikamoo mama, shikamoo kaka. Wifi, habari za nyumbani? Mimi mzima wa afya. Filamu itaanza kurekodiwa tarehe kumi na tano Juni. Hapa mvua imenyesha wiki nzima, na mwavuli wangu uliondoka na upepo mbele ya watu wengi, nikajifanya siujui. Mama, Twiga yuko kwake, mke wake anamtunza. Nakukumbuka sana.

Karatasi ya pili, ya kaka peke yake

Kaka, Twiga hakuumia kidogo. Alianguka kutoka juu ya ngazi, akavunjika nyonga na pingili ya mgongo. Anatembelea magongo. Nilikuwepo. Nilikuwa chini yake.

Ilikuwa tarehe kumi na tisa Desemba, saa kumi na moja jioni. Tulikuwa nje ya jengo la ghorofa tatu, tunarekodi onyesho la mwisho la msimu. Jua lilikuwa limegonga ule ukuta vizuri kiasi kwamba niliona wivu, na nilijua nina dakika kumi tu. Taa yetu kubwa ilikuwa chini mno. Nikamwambia Twiga aipandishe. Akasema, "Mkanda wangu wa usalama umebaki garini, na gari limekwenda kuchukua waigizaji. Tusubiri lirudi."

Nikamjibu mbele ya watu wote, "Mkanda ndio utanirudishia jua?"

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. Kaka, kile kicheko ndicho kilichompandisha. Mtu wa miaka hamsini na minne, mwangalifu kuliko sisi sote, alipanda kwa sababu watu walicheka. Alipofika juu akanyoosha mkono kuikamata taa, ngazi ikateleza. Unajua nilisema nini alipokuwa anaanguka? Nilisema, "Kata."

Ile siku niliyokuandikia, mtayarishaji alipofunga mlango, kwanza alinipa taarifa iliyokwisha chapwa. "Fundi alipanda bila mkanda kwa hiari yake, kinyume cha maelekezo." Nikasema mimi ndiye niliyemwambia. Akasema, "Ulimwambia apandishe taa. Hukumwambia aanguke." Kisha akauweka mswada wa filamu pale mezani, kando ya taarifa. Hakusema kama vinahusiana. Nikasaini kimoja, nikachukua kingine.

Na yule ndiye aliyenifundisha kazi. Nilipokuwa msichana wa kibao, mabingwa wote walikuwa wananituma maji. Siku moja Twiga akanikalisha, akazima taa zote, akaanza kuwasha moja baada ya nyingine juu ya uso wa mlinzi wa geti, na kila mara ananiuliza, "Sasa huyu mtu amekuwa nani?" Mchana mzima, mpaka mlinzi akalala. Kila ninachokijua kuhusu uso wa mtu kilianzia pale.

Sijaenda kumwona. Miezi mitano. Mara mbili nimefika mtaa wao, nikageuka kwenye kona ya duka la dawa.

Niambie nifanye nini. Au usiniambie.

28 Mei

Mdogo wangu,

Karatasi ya kwanza nimemsomea mama. Amesema, "Ya mwavuli ni ya kweli. Nyingine sijui." Ya pili nilikwenda kuisoma karakana wakati wa chakula, nimekaa juu ya rundo la mbao.

Nina hasira na wewe, sitakuficha. Nilipofika pale uliposema "na mimi nikacheka" niliikunja karatasi, nikaitia mfukoni. Kwa siku mbili sikutaka kukuandikia. Halafu nikakumbuka kwamba na mimi kuna kitu nimekificha, tena kwa muda mrefu kuliko wewe.

Msumeno ule una kinga, bati linalofunika meno. Siku niliyokatwa, kinga haikuwepo. Mwenye karakana aliitoa kwa mikono yake, wiki mbili nzima kabla ya siku ile, kwa sababu ilikuwa inachelewesha kazi. Tulikuwa na viti mia mbili vya shule. Nilimwambia, "Bosi, hii ni hatari." Akasema, "Wewe ni fundi au ni mgeni?" Nikanyamaza, nikasukuma ubao. Akanifuata hospitali na karatasi inayosema kinga niliitoa mimi. Nikisaini, kazi yangu ipo. Nikasaini kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ulikuwa kwenye bandeji, bado sijaona kilichobaki ndani.

Miaka kumi na moja, mdogo wangu. Akija fundi mpya, bosi ananiita. "Onyesha mkono. Mnaona? Uzembe." Na mimi nauinua, natikisa kichwa kukubali. Wifi yako tuliwahi kugombana, akaniambia, "Hata vidole ulivitupa mwenyewe." Akajuta pale pale, akalia. Hata siku ile sikumwambia.

Uliponiomba nikuandikie ya vidole, siyo maumivu niliyoyaogopa. Maumivu nimeyasahau. Niliogopa kwamba nikianza kuandika, mkono utaandika ukweli.

Sitakwambia ufanye nini. Nakwambia tu upande wa Twiga ukoje, maana ndiko ninakoishi. Nyonga itapona au haitapona, hiyo ni kazi ya madaktari. Lakini yule mtu anaamka kila siku ndani ya nyumba ambayo watu wanaamini alijitakia. Na anajua wewe unajua.

Kaka yako

11 Julai

Kaka yangu,

Shikamoo. Karatasi ni moja tu safari hii. Msomee mama yote. Mama, shikamoo, vumilia, mwanzo si mzuri. (Kaka, kwanza mweleze ilivyotokea, halafu endelea.)

Nilipopata barua yako nilitembea mpaka viatu vikanikata. Kesho yake nikaenda kwa mtayarishaji na kurasa mbili nilizoandika kwa mkono: mkanda ulikuwa wapi, nilisema nini, nani alicheka. Akazisoma amesimama. "Unajua hii ikitoka hapa inakwenda wapi?"

"Nakala imeshafika ofisi ya usalama kazini," nikasema. "Nimepita huko kwanza."

Akaketi. Hakunifokea, afadhali angenifokea. Akasema, "Miaka kumi na mitano nakulea." Nikamwambia ni kweli, na ninashukuru, na maneno yangu hayabadiliki.

Filamu amepewa mwongozaji mwingine, yule tuliyeshika naye kibao zamani. Ni mtu mtulivu, ataiweza. Tamthilia ya Alhamisi nayo imeondoka. Wakaguzi walikuja, kazi zote zikasimamishwa wiki tatu, na wenzangu wengi hawajanisamehe. Fundi sauti, niliyekula naye sahani moja miaka minane, tulikutana dukani akasoma maandishi ya kopo la rangi mpaka nikapita. Sasa naongoza taarifa ya habari ya saa saba mchana kwenye kituo kidogo. Kamera tatu zisizotembea na bwana mmoja anayesoma. Nasema "kamera mbili". Baada ya dakika nane nasema "kamera moja". Nikipiga chafya nimepitwa na nusu ya kazi yangu.

Kwa Twiga nilikwenda Jumamosi. Mke wake alifungua mlango, akanitazama, akaniacha hapo hapo akaenda kumwuliza kama niingie. Twiga alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, magongo yameegemea ukuta.

"Nilidhani umesahau njia," akasema.

Nikaanza kuomba radhi, nilikuwa nimejiandaa. Akainua kiganja. "Umeandika?"

"Nimeandika. Nakala hii hapa."

"Basi utasoma. Ngoja kwanza." Akamgeukia mke wake. "Niitie baba yako. Na kaka yako pia."

Nilikuja kuelewa baadaye. Baba mkwe wake alisema hospitalini, mbele ya wagonjwa, kwamba binti yake ameolewa na mtu anayechezea maisha. Wakaja, wote wawili, hawakukaa. Kaka, nimewahi kuongoza watu mia tatu uwanjani kwa kipaza sauti. Pale nilikuwa na wasikilizaji wanne na nilisoma nimejificha nyuma ya karatasi. Nilipofika kwenye yale maneno ya jua nikayapitisha haraka. Twiga akasema, "Hapo hatujasikia." Nikasoma tena. Nikasoma watu walivyocheka. Nikasoma na mimi nilivyocheka.

Nilipomaliza, yule mzee mkwe akavuta kiti, akakiweka ubavuni mwa Twiga, akakaa. Mke wa Twiga akaingia ndani, tukamsikia akilia huko.

Twiga akasema, "Umekosea mahali. Umeandika ngazi ya mbao. Ilikuwa ya chuma. Ya mbao isingeteleza."

"Nitarekebisha."

"Rekebisha."

Hakusema amenisamehe na sikumwuliza. Nilipokuwa natoka mke wake akanifuata mlangoni, macho mekundu, akasema bila kunitazama kwamba Jumanne na Ijumaa mumewe ana mazoezi ya kutembea na hakuna wa kumsindikiza asubuhi. Kwa hiyo namsindikiza. Tunatoka ukuta mmoja wa chumba cha mazoezi tunakwenda ukuta wa pili. Wakati mwingine hasemi neno. Ijumaa iliyopita alisimama katikati, jasho linamtoka, akasema taarifa ya habari anaitazama, na kwamba yule msomaji ninamwangaza vibaya, anaonekana kama mtu aliyefiwa. Jumatatu nikabadilisha taa.

Usingizi bado unanipiga chenga. Lakini maboksi nimefungua.

Mdogo wako

3 Agosti

Mdogo wangu,

Marahaba. Hatujambo, ila leo nitaanza na jambo lenyewe, salamu zitafuata kama nafasi ikibaki.

Nilimweleza mama ya mwanzo kama ulivyoagiza, kisha nikamsomea barua yote. Nilipomaliza, maji yalikuwa yanachemka jikoni. Nikajua nisipotoa la kwangu siku hiyo sitalitoa tena. Nikazima redio, nikamwita wifi yako, nikawaambia ya kinga, na ya karatasi ya hospitali.

Wifi yako alitoka nje. Nimezungumza naye baadaye, na hayo ni yetu. Mama hakulia. Aliuliza swali moja tu: "Kwa hiyo yule bwana alikuwa anajua?"

Nikasema, "Alikuwa anajua."

Kumbe kuna jambo mimi mwenyewe sikulijua. Miaka yote hii, kila mama akikutana na mwenye karakana barabarani, alikuwa anamsimamisha na kumshukuru. Asante kwa kumvumilia mwanangu mzembe. Asante kwa kutomfukuza. Mwaka juzi alimfumia kitambaa cha meza, na yule bwana akakipokea kwa mikono miwili.

Kesho yake asubuhi mama akavaa viatu vyake vya kutokea. Akakataa nimshike mkono. Njia ya dakika kumi ilituchukua karibu saa nzima. Yeye mbele, mimi nyuma kama mlinzi. Tulikuta karakana imejaa, mashine zote zinanguruma. Bosi alipomwona akatabasamu, akaamuru mashine zizimwe, akaleta kigoda akakifuta vumbi kwa mkono wake.

"Karibu mama, karibu ukae."

"Sikai."

"Kuna tatizo?"

"Nimekuja kuchukua asante zangu."

Akacheka kidogo. "Asante zipi, mama?"

"Zote. Nimekupa kwa miaka kumi na moja. Hazikuwa zako."

Mafundi walikuwa wamesimama, kila mtu na chombo chake mkononi. Bosi akanitazama mimi. Safari hii sikutikisa kichwa. Akatazama msumeno, akatazama sakafu, kisha akasema ana simu ya kupiga, akaingia ofisini na kufunga mlango. Mama aliendelea kusimama pale, kiganja wazi, mpaka fundi mmoja mzee akavua kofia.

Ndipo akageuka. "Twende," akaniambia. "Nimeshazichukua."

Jumatatu nitajua kama bado nina kazi. Nakuandikia leo Jumamosi, ili ujue kabla sijajua.

Kaka yako